Mbwa watatu wakubwa, mtoto wa miaka miwili

Swali: Daktari, tunafuga mbwa watatu wakubwa wa ulinzi. Mwanetu ana miaka miwili na anawapenda mno. Je, ni salama?

Jibu: Mama, usimwache nao peke yake hata dakika moja, hata kama ni wapole kiasi gani. Mmoja akishtuka, wenzake humfuata. Mimi naogopa zaidi saa ya chakula: mtoto akiinamia sufuria yao ya ugali na dagaa, uso wake unakuwa usawa wa meno ya mbwa. Walishe bandani, komeo limefungwa. Wachanjwe wote dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Mtoto aking’atwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbize hospitali siku hiyohiyo.