Pua Kwanza, Lebo Mwisho: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Unapoonja Mvinyo

Mvinyo mzuri unarudishwa, mbovu unasifiwa, na mgeni analipa. Nimeyaona hayo kwenye meza za hoteli, kwenye maghala ya wasambazaji, hata kwa majaji. Chanzo ni kile kile: mwonjaji anasema anachodhani anatakiwa kukisema, si kilichomo kwenye glasi. Haya ni kwa wanaoonja kwa kazi: mhudumu, muuzaji, mnunuzi.

Fanya kabla ya kumimina

Poza mvinyo, hata mwekundu. Kanuni ya kuunywa mwekundu katika joto la chumba ilitoka kwenye vyumba vya baridi vya Ulaya. Chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari kina nyuzi 30. Kwa joto hilo pombe hukuchoma pua na kufunika kila kitu. Mwekundu uwe nyuzi 15 hadi 18, mweupe 8 hadi 12. Robo saa kwenye ndoo ya maji na barafu inatosha kwa mwekundu.

Tumia glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobana, ujaze theluthi moja tu. Harufu inataka nafasi ya kujikusanya.

Nusa glasi tupu. Ikinuka sabuni au kitambaa cha jikoni, ioshe tena. Wangapi wamemlaumu mtengenezaji kwa uchafu wa kabati lao wenyewe!

Anza na mweupe, umalizie na mwekundu. Usio na sukari utangulie, mtamu ufuate.

Usifanye kabla ya kumimina

Usije umejifukiza udi wala kujipaka marashi. Harusini ni heshima. Mezani pa kuonjea unawaharibia kazi wote walioketi karibu nawe.

Usipige mswaki ukaja moja kwa moja. Dawa ya meno hufifisha utamu na kukoleza uchungu. Acha saa nzima ipite.

Usitafune korosho za chumvi. Chumvi huficha uchungu, na muuzaji mjanja analijua hilo vizuri. Ndiyo maana kibakuli kimejaa. Kula mkate mtupu, kunywa maji.

Usiangalie lebo. Tarehe 24 Mei 1976 mjini Paris, Mwingereza Steven Spurrier aliwapa majaji wa Kifaransa glasi zisizo na majina. Mvinyo mweupe wa Chateau Montelena na mwekundu wa Stag's Leap, yote miwili ya California, ikashika nafasi ya kwanza mbele ya majina makubwa ya Ufaransa. Wangeziona chupa, nani angethubutu? Nimemwona mnunuzi wa hoteli akisifu glasi ya pili kwa dakika nzima, kisha akaambiwa ni mvinyo wa Dodoma, akaanza kuutafutia kasoro.

Fanya puani na mdomoni

Nusa glasi ikiwa imetulia, kisha izungushe unuse tena. Vuta pumzi fupi fupi. Pua huzoea haraka. Ukivuta mfululizo utabaki hunusi chochote.

Taja vitu unavyovijua. Hapa ndipo watu wetu wanapojidharau bila sababu. Wanakariri matunda ya vichaka vya Ulaya ambayo hawajawahi kuyatia mdomoni, na huku kijana wa Pemba anaijua karafuu kuliko mwonjaji yeyote wa London. Wala karafuu hiyo si mapambo ya maneno. Kemikali inayoipa harufu yake, eujenoli, imo pia kwenye mapipa ya mwaloni yaliyobabuliwa kwa moto, na mvinyo uliokaa humo huichukua. Sauvignon Blanc ya Marlborough, New Zealand, hunukia pasheni kwa sababu kemikali zile zile za salfa zimo kwenye tunda lenyewe. Syrah hunukia pilipili manga kwa sababu ya rotundoni, iliyomo kwenye pilipili manga yenyewe. Karibu mtu mmoja kati ya watano hawezi kuinusa rotundoni, kwa hiyo usibishane na jirani yako; huenda pua yake haina uwezo huo. Pita sokoni, nusa iliki, ukwaju, pera, tende, mdalasini. Hiyo ndiyo shule, na haina ada.

Jua uvundo mmoja mmoja. Boksi lililoloa au tambara bichi: kizibo kimeuharibu mvinyo. Gramu chache tu za kemikali inayoleta uvundo huo katika lita bilioni moja zinatosha kuua harufu ya matunda. Hautakudhuru, lakini rudisha chupa. Rangi ya kucha au siki: rudisha pia, hautapona. Yai viza: subiri. Zungusha glasi, upe hewa dakika kumi. Mara nyingi hutoweka. Matunda yaliyochemshwa, na kizibo kimesukumwa nje: chupa imepikwa na jua ndani ya lori. Mfuate msafirishaji, mwache mkulima.

Tenganisha ugwadu, ukakasi na uchungu. Ugwadu hujaza mate. Ukakasi hukausha ufizi, kama bibo. Uchungu ni ladha, hubaki baada ya kumeza. Anayeviita vyote vitatu "ukali" hajamwambia mnunuzi lolote.

Tema. Mililita 30 mara 20 ni mililita 600, na chupa nzima ni 750.

Usifanye puani na mdomoni

Usionje kwa macho. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio lao: wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hao ni wasomi wa fani.

Usipime ubora kwa michirizi inayoteremka ndani ya glasi. Inaonyesha pombe zaidi kuliko kitu kingine.

Usiendeshe gari baadaye, hata kama ulitema. Pombe kidogo huingia mwilini kupitia mdomoni.

Usimlazimishe asiyekunywa. Sehemu kubwa ya kazi hii ni pua, na mhudumu asiyetia tone mdomoni anaweza kukutambulia chupa mbovu kabla yako.

Fanya kwenye karatasi

Andika kabla ya kuzungumza. Mkubwa akishasema "asali", meza nzima itanusa asali.

Andika kwa mpangilio: rangi, harufu, ladha, urefu wa ladha baada ya kumeza au kutema. Mwisho kabisa, kama unaupenda.

Usifanye kwenye karatasi

Usiandike "mzuri" ukaishia hapo. Mzuri kwa nani, na chakula gani?

Usiite vigae chembe zinazong'aa chini ya chupa. Ni chumvi ya asidi ya zabibu, iliyoganda kwa baridi. Haina madhara.

Usiandike "mtamu" kwa sababu unanukia embe. Sukari hainuki. Ziba pua, onja, ndipo uamue. Na usiandike "hauna sukari" kwa kubahatisha: kwa sheria za Umoja wa Ulaya, mvinyo unaoitwa mtamu una angalau gramu 45 za sukari kwa lita, kwa hiyo usioitwa hivyo bado unaweza kuwa na sukari, na mgeni mwenye kisukari anayekuuliza mezani anategemea jibu lako.