Kabla ya Kutandika Zulia, Tuangalie Chini

Inapokaribia Idi au Krismasi, nyumba nyingi za kisiwani Mombasa hubadilishwa sura. Kuta hupakwa rangi, mapazia hufuliwa, na sakafu hutafutiwa vazi jipya. Ni jambo jema, kwa kuwa kwetu sisi sakafu si mahali pa kupita tu. Mgeni huvua viatu mlangoni, watoto husomea chini, na wengi wetu hula, husali na hata hulala chini. Somo letu safari hii ni juu ya swali tunaloulizwa mara kwa mara: mtu mwenye sakafu ya laminati, je, aweza kutandika zulia la kujaza chumba juu yake bila kuing'oa?

Jibu fupi ni: aweza, lakini si katika kila nyumba. Jibu refu ndilo lililotufanya tuandike somo hili.

Yaliyompata mama wa Kibokoni

Tulimtembelea mama mmoja anayekaa chumba cha chini katika nyumba ya zamani huko Kibokoni, Mji wa Kale. Mwanawe anayefanya kazi Arabuni alimtumia pesa, akatandikiwa laminati. Haukupita muda mbao zikaanza kuinuka kwenye maungio. Fundi hakuuliza kwa nini zainuka. Alisema hakuna shida, zifunikwe tu. Basi mama akatoa akiba yake ya chama, akanunua zulia zito na sponji yake. Likatandikwa, likapigiliwa misumari pembeni. Lilipendeza kweli kweli.

Masika yalipoingia, chumba kikaanza kunuka. "Nikafukiza udi, nikafungua madirisha, wapi!" alituambia. "Na mjukuu wangu yuwakohoa usiku kucha. Nikadhani ni mafua ya mvua." Mtoto huyo ana pumu. Tulipofunua pembe moja ya zulia, sponji ilikuwa chepechepe, na chini yake mbao zimevimba na kuota kuvu nyeusi. Vyote vikatupwa. Akiba ya mwaka mzima ikaenda jaani.

"Kumbe wanangu, nilikuwa nafunika maji," akasema.

Maji hayo yalitoka wapi, na hapakuwa na bomba lililopasuka?

Nyumba inayopumua

Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa jiwe la matumbawe na chokaa. Kuta za Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni za jiwe lilo hilo. Jiwe hili lina vitundu vingi, nalo hunywa maji kutoka ardhini kama kitambaa kinavyonywa. Chokaa nayo huyaruhusu maji hayo yatoke polepole yakawa mvuke. Kwa hiyo sakafu ya chini na kuta zake zina unyevu kila siku, ila hatuuoni kwa kuwa wakauka kadiri unavyopanda.

Wazee wetu walilijua hili. Walitandika mikeka na majamvi, vitu vinavyopitisha hewa na vinavyoweza kukunjwa na kuanikwa juani. Sisi leo twatandika nailoni, laminati, sponji na zulia, kimoja juu ya kingine. Ni kama kumvika mtu makoti manne Mombasa mwezi wa Februari. Jasho halina pa kwenda. Unyevu ukizuiwa sakafuni hukimbilia ukutani: plasta hubambuka na chumvi nyeupe huchanua chini ya ukuta.

Ghorofani mambo ni tofauti kidogo. Sakafu za zamani za juu hubebwa na boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa. Unyevu wa ardhini haufiki huko kwa urahisi, lakini paa likivuja au bafu likitoa maji, zulia huyaficha, na boriti huoza kimya kimya. Kwa wale wanaokaa majumba ya zege, kama yale ya Tudor au Ganjoni, ghorofa ya juu iliyo kavu ndiyo mahali pazuri zaidi pa kazi hii.

Laminati ni kitu gani?

Wengi hudhani laminati ni mbao. Si mbao kamili. Ilibuniwa nchini Sweden na kampuni ya Perstorp mwaka 1977. Moyo wake ni unga wa mbao uliochanganywa na gundi na kushindiliwa kwa nguvu. Juu yake ipo karatasi yenye picha ya mbao, na juu ya karatasi utando mgumu usiochubuka upesi. Utando huo huvumilia kupanguswa kwa kitambaa kibichi, lakini maji yakipenya kwenye maungio au yakitoka chini, ule unga huvimba, na ukishavimba haurudi.

Jambo la pili: mbao za laminati hazipigiliwi sakafuni. Hushikana zenyewe kwa zenyewe na kulala tu juu ya sakafu. Fundi anayejua kazi huacha nafasi ya kama milimita 10 kando ya kila ukuta, kwa sababu mbao hizo hutanuka na kusinyaa kufuatana na hali ya hewa. Ukizipigilia misumari, umezifunga miguu. Zitatafuta pa kwenda, zikose, ziinuke katikati ya chumba.

Hatua kwa hatua

1. Pima unyevu. Chukua kipande cha nailoni ya ujenzi, nusu mita kwa nusu mita. Kibandike kwa tepu pande zote nne juu ya sakafu yenyewe ya chini, si juu ya laminati. Kama hutaki kung'oa chumba kizima, toa mbao chache za kando. Acha siku moja hadi mbili. Ukikuta matone chini ya nailoni au sakafu imebadilika rangi, usitandike zulia la kujaza chumba. Fanya kipimo hiki wakati wa mvua, kati ya Aprili na Juni, kwani kipimo cha Januari kitakudanganya.

2. Kagua laminati. Tembea chumba kizima bila viatu. Panapobonyea, panapolia au palipoinuka, pana shida chini. Zulia halitaitengeneza, litaificha tu. Laminati mbovu itolewe. Zile za kubana huachana bila kuvunjika ukianzia ubao wa mwisho kando ya ukuta, na zilizo nzima zaweza kutumika tena chumba kingine kilicho kikavu.

3. Pima mlango. Sponji ya milimita 8 na zulia la milimita 10 huinua sakafu kwa karibu sentimita 2. Mlango wa kawaida waweza kupunguzwa chini kwa msumeno. Lakini ukiwa na mlango wa kale wa kuchonga, tafadhali usiuguse. Heri zulia liishie mbali na mlango.

4. Pima chumba na nguo. Mabunda mengi ya zulia yana upana wa mita 4. Tuseme chumba ni mita 2.7 kwa mita 5, kwani vyumba vyetu vya zamani ni vyembamba kufuata urefu wa boriti. Ongeza sentimita 10 kila upande za kukatia, utapata mita 2.9 kwa 5.2. Nunua mita 5.2 kutoka bunda la mita 4. Utabaki na kipande cha upana wa mita 1.1, chatosha ushoroba. Usikubali kuunga vipande katikati ya chumba ili kuokoa pesa kidogo, maana maungio ndiyo huanza kufumuka.

5. Chagua sponji. Juu ya laminati, sponji nyembamba na ngumu ni bora kuliko ile nene na laini, kwa sababu laini huliacha zulia lichezecheze. Na kama chini si laminati bali ni mkeka wa mbao, yaani ile plastiki ya bunda yenye picha ya mbao, jihadhari na chochote chenye mgongo wa mpira. Mpira huiachia plastiki madoa ya manjano yasiyotoka.

6. Tandika. Kunjua zulia chumbani na uliache siku moja lizoee. Anza na ukuta mrefu ulionyooka. Lisukume kuelekea pembe, kisha kata ziada kwa kisu chenye wembe mpya. Usipigilie misumari wala zile mbao nyembamba zenye ncha juu ya laminati. Tumia tepu ya pande mbili kando kando, ukijua kwamba gundi yake yaweza kuacha alama siku ukiibandua. Usiijaze ile nafasi iliyo kando ya ukuta. Ukitaka zulia livutwe na kukazwa sawasawa kama la hotelini, toa laminati kwanza, kisha likazwe kwenye zege.

7. Lifunue. Kila baada ya masika, inua pembe mbili, tia mkono, nusa. Ni kazi ya dakika tano.

Afya ya watoto

Hewa ya Mombasa ina unyevu karibu mwaka mzima. Ndani ya zulia huishi wadudu wadogo wa vumbi wasioonekana kwa macho, nao hustawi penye unyevu. Wadudu hao pamoja na kuvu huamsha pumu kwa walio nayo. Hatusemi mtu asitandike zulia. Twasema kwamba nyumba yenye mgonjwa wa pumu, hasa mtoto anayelala chini, ni afadhali iwe na mkeka au zulia dogo linaloweza kukung'utwa na kuanikwa juani kila wiki.

Mama wa Kibokoni afanyaje?

Yeye alituuliza kama amwage zege juu ya chokaa amalize matatizo. Tulimsihi asifanye hivyo. Zege ingeusukuma unyevu wote ukutani. Tena Mji wa Kale ni eneo linalohifadhiwa. Kabla ya kuvunja au kubadilisha sakafu ya nyumba ya zamani, ni vizuri kuuliza kwanza ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa.

Alichofanya ni hiki: aliiacha sakafu wazi muda wote wa kaskazi ikauke, akaziba nyufa kwa chokaa badala ya saruji, kisha akatandika mikeka ya miyaa na zulia moja dogo la wageni. Harufu imekwisha. Kuhusu mjukuu hatusemi amepona, maana pumu ni ya kliniki, lakini bibi yake asema analala.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika nyumba zetu, ni vyumba vipi vya chini na vipi vya ghorofani? Vipi vina plasta inayobambuka?
2. Fundi akisema "hakuna shida", tumuulize maswali gani kabla ya kutoa pesa?
3. Ni vitu gani walivyotandika wazee wetu ambavyo tumeviacha? Kwa nini tuliviacha?
4. Je, kikundi chetu chaweza kununua kipande cha nailoni na tepu, tukapimiana sakafu nyumba kwa nyumba masika yajayo?