Kuongoza Pampu ya Maji kwa Boya

Nyasho ni kata mojawapo ya mji wa Musoma, katika Mkoa wa Mara. Mji huu umekaa ukingoni mwa Ziwa Victoria, na maji yake ya bomba hutoka katika ziwa hilo. Uso wa ziwa uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyumba za watu ziko juu zaidi ya hapo. Maji hayapandi mlima yenyewe. Hayana budi kusukumwa kwa pampu mpaka kwenye tangi lililo juu, ndipo yateremke mabombani kwa uzito wake.

Njia hiyo hiyo hutumika hata katika nyumba moja. Maji ya bomba huingia kwanza katika tangi la chini. Pampu huyapandisha hadi tangi la juu, lililowekwa juu ya mnara. Kutoka huko hushuka hadi jikoni na bafuni. Katika somo hili tutajifunza namna pampu inavyoweza kujiwasha na kujizima.

Hasara ya kusahau

Tuseme tangi la juu la nyumba moja ya Nyasho huchukua lita 1,000, na tangi la chini lita 3,000. Pampu hupandisha lita 40 kila dakika. Tangi la juu likiwa tupu litajaa baada ya dakika 25. Jioni moja mama mwenye nyumba anawasha pampu, kisha anaitwa na jirani. Anarudi baada ya saa nzima. Pampu imekwisha kupandisha lita 2,400. Lita 1,000 zimo tangini. Lita 1,400 zimemwagika chini. Hizo ni ndoo 70 za lita 20.

Maji hayo yalikuwa yamesafishwa na kulipiwa, na umeme ulioyapandisha ulilipiwa pia. Kesho yake bomba lisipotoa maji, watoto wa nyumba hiyo watachukua ndoo waende ziwani, ambako waweza kuambukizwa kichocho.

Kuna hasara ya pili. Mama angechelewa zaidi, tangi la chini lingekauka. Pampu nyingi hupozwa na maji yale yale yanayopita ndani yake. Pampu ikizunguka bila maji hupata moto na kuharibika.

Boya

Kitu kinachoelea hupanda maji yapandapo, na hushuka maji yashukapo. Kitu cha namna hiyo kikitumiwa kuonyesha au kuongoza maji twakiita boya. Ndugu watatu wa Baghdad, waitwao Banu Musa, walieleza vyombo vilivyoongozwa na boya tangu karne ya 9. Hata leo boya limo katika tangi dogo la choo cha kuvuta: tangi likijaa, boya hufunga njia ya maji.

Jaribio la 1: Kupima maji bila kuchungulia

Vifaa: pipa, chupa ya plastiki yenye kifuniko, mchanga, kamba nyembamba, kapi dogo, jiwe dogo, ubao mrefu na chaki.

Fanyeni hivi:
1. Tieni mchanga kidogo ndani ya chupa, kisha mfunike barabara. Chupa iwe nzito kuliko jiwe, lakini ielee majini.
2. Fungeni kamba shingoni mwa chupa. Ipitisheni juu ya kapi lililofungwa juu ya pipa.
3. Ncha ya pili ya kamba fungeni jiwe, lining'inie nje ya pipa mbele ya ubao.
4. Mimineni maji ndoo moja moja. Baada ya kila ndoo, tieni alama ubaoni mahali jiwe lilipo.

Boya lilipopanda, jiwe lilikwenda wapi? Mtaona kwamba jiwe hushuka. Kwa hiyo alama ya "tangi tupu" huwa juu ya ubao, na alama ya "tangi limejaa" huwa chini. Mtu apitaye njiani aweza kujua kiasi cha maji bila kupanda mnara.

Jaribio la 2: Alama moja au mbili?

Boya likiweza kusogeza jiwe, laweza pia kusogeza swichi ya umeme. Lakini swichi iwashwe lini, na izimwe lini?

Chukueni ndoo yenye tundu dogo karibu na kitako. Maji yanayotoka tunduni ni mfano wa maji yanayotumiwa nyumbani. Yakingeni kwa karai ili myatumie tena. Mwanafunzi mmoja awe "swichi": atazame maji na kusema "Washa!" au "Zima!" Wa pili awe "pampu": amimine maji kwa kopo kila aambiwapo. Wa tatu ahesabu "pampu" imewashwa mara ngapi katika dakika 10.

Kwanza, chorani alama moja ndani ya ndoo. Maji yakiwa chini ya alama, "Washa!" Yakiwa juu yake, "Zima!" Kisha ifuteni, mchore alama mbili zilizoachana kwa sentimita 15. Maji yafikapo alama ya chini, "Washa!" Yafikapo alama ya juu, "Zima!" Yakiwa katikati, "swichi" anyamaze, na "pampu" aendelee na lile alilokuwa akilifanya.

Linganisheni hesabu zenu. Kwa alama moja, "pampu" hawashwi ila huzimwa mara moja, na hazimwi ila huwashwa tena. Kwa alama mbili, hufanya kazi kwa muda, kisha hupumzika kwa muda. Mota ya umeme, kila inapoanza kuzunguka, huvuta mkondo ulio mkubwa mara kadhaa kuliko wa kawaida. Ikiwashwa na kuzimwa upesi upesi hupata moto. Basi kumbukeni kanuni hii: pampu inayojiongoza huhitaji alama mbili, moja ya kuanzia na moja ya kukomea.

Katika tangi la kweli, boya huteleza juu ya fimbo iliyounganishwa na swichi ngumu kiasi. Fimbo ina vizuizi viwili. Boya likifika kizuizi cha juu huinua fimbo, na swichi huzimika. Likishuka hadi kizuizi cha chini huvuta fimbo, na swichi huwaka. Katikati, boya huteleza bila kuigusa swichi.

Jaribio la 3: Swichi mbili katika njia moja

Unganisheni betri ya volti 1.5, balbu ya tochi na swichi mbili, moja baada ya nyingine, katika njia moja ya umeme. Balbu ni mfano wa pampu. Swichi ya kwanza ni ya tangi la juu. Huwashwa linapohitaji maji. Swichi ya pili ni ya tangi la chini. Huwashwa linapokuwa na maji. Jaribuni hali zote nne za swichi hizo. Mtaona kwamba balbu huwaka katika hali moja tu: swichi zote mbili zikiwa zimewashwa. Kwa mpango huu pampu haimwagi maji, wala haizunguki bila maji.

Siku hizi vyombo vingine hutumia vijiti vya chuma vinavyopitisha umeme vikiguswa na maji, au mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu. Vyombo vimebadilika, kanuni ya alama mbili haikubadilika.

Hadhari: Tumieni betri ndogo tu. Umeme wa nyumbani ni wa volti 230, nao huua, hasa penye maji. Kazi ya kuunganisha pampu ni ya fundi wa umeme aliyesomea kazi hiyo.

Maswali

1. Katika Jaribio la 1, ingetokea nini kama jiwe lingekuwa zito kuliko chupa?
2. Pampu hupandisha lita 50 kila dakika. Tangi tupu ni la lita 2,000. Pampu ikiachwa saa 1, ni ndoo ngapi za lita 20 zitakazomwagika?
3. Umeme umekatika wakati boya likiwa katikati na pampu ikifanya kazi. Umeme ukirudi, pampu itajiwasha? Elezeni sababu.
4. Boya la tangi la juu limenasa chini. Pampu itafanya nini? Ubao wenye boya lake la pili utamsaidiaje mwenye nyumba kugundua kosa hilo?
5. Mtu mmoja alisema, "Chombo kikijiongoza, hakihitaji kukaguliwa." Je, mnakubaliana naye?