Lenzi pana ya kubana kwenye simu: ijaribu kabla hujalipa

Wauzaji wenzangu, kama fremu yako Kariakoo ni ya hatua mbili tatu, shida unaijua: ukirudi nyuma upige picha rafu nzima, mgongo umeshagonga ukuta. Ndiyo maana watu wanazifuata hizi lenzi za kubana, pale Mtaa wa Aggrey.

Kwanza fungua kamera yako. Ukiona kitufe cha 0.5, simu tayari ina lenzi pana. Baki na hela yako.

Kama hakipo, usikimbilie namba ndogo. 0.45x inaingiza vitu vingi kuliko 0.67x, ila kwa lenzi za bei chee pembeni panapinda na kufifia. Mimi nachukua 0.67x. Muombe muuzaji uibane, upige vigae vya sakafuni au geti la nondo, kisha kuza picha uangalie kona zote nne. Mistari imepinda sana, au kingo zina zambarau? Rudisha. Kona nyeusi usizihukumu haraka. Huenda kibanio hakijakaa katikati ya kamera, hasa simu za kamera tatu. Toa kava, jaribu tena.

Na bidhaa moja moja usiipige nayo. Kiatu kikiwa karibu kinavimba mbele, gauni likiwa pembeni linatanuka. Mteja wa Mwanza aliyeshalipa mpaka nauli ya basi akipokea kitu tofauti na picha, atadai hela yake. Hapo toa lenzi, sogea hadi mlangoni, kuza kidogo.

Nyingi zinafunguka kwa kuzungusha; kipande kinachobaki kinapiga vitu vya karibu sana: lebo, mshono, hereni.