Ujira wa Askari: Somo kwa Walimu na Wazee wa Kanisa



Huku kwetu Malambo, wilaya ya Ngorongoro, vijana hutoka wakaenda mijini kutafuta kazi ya ulinzi na ya kibarua, na walio nyumbani hungoja. Kwa sababu hiyo mwezi huu twataka kujifunza habari za mtu wa nchi yetu aliyetoka hivyo, asirudi. Alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu, wala hakuwa mkubwa wa nchi. Lakini maisha yake yatufundisha maana ya jirani.

Mtu huyo ni Bayume Mohamed Husen, ambaye kwanza aliitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na vita vilipoanza mwaka 1914 mtoto naye aliingia jeshini, angali na miaka kumi tu. Katika Oktoba 1917, kwenye mapigano ya Mahiwa upande wa Lindi, alipata jeraha, kisha akawa mateka wa Waingereza.

Vita vilipokwisha, askari akawa mtumishi. Alifanya kazi melini, akiandaa meza za abiria, na mwaka 1929 akafika Berlin. Huko alidai mshahara wa vita, wake na wa baba yake, ambao haukulipwa. Akajibiwa kwamba amechelewa. Baadaye aliomba nishani wapewayo waliopigana, nayo akanyimwa. Tuangalie neno hili: walipomtaka apigane, hakuna aliyesema kwamba yu mdogo mno, alipotaka haki yake, wakasema muda umepita.

Basi akatafuta riziki kwa mikono yake. Alitumika mezani katika nyumba kubwa ya vyakula na anasa, akafundisha Kiswahili katika chuo kikuu, akaigiza katika sinema zilizosifu utawala uliomnyima haki. Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner. Siku chache baadaye Hitler alishika serikali, na maisha ya mtu mweusi yakazidi kuwa magumu. Nyumbani mwao walilelewa watoto watatu, mmoja wao akiwa wa mama mwingine, naye Maria alimpokea. Wote watatu walikufa wangali wadogo.

Mwaka 1941 Husen alikamatwa na polisi ya siri, kwa kuwa alishtakiwa uhusiano na mwanamke mweupe. Hatusemi kwamba hakuwa na kosa nyumbani mwake. Lakini hakupelekwa mbele ya baraza lo lote. Alitiwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 jiwe dogo lenye jina lake liliwekwa njiani Berlin, mbele ya nyumba alimokaa.

Ndugu, jiwe la ukumbusho ni jema, ila halilishi mtoto. Wenye nguvu hupenda mikono ya mtu wakati wa haja, kisha humsahau mwenye mikono hiyo. Nasi tujiulize, maana dhambi hii haikai Ulaya peke yake. Mchungaji wa ng'ombe, mlinzi wa lango, mchukuzi wa mizigo: je, twamlipa kwa wakati, au twamwambia aje kesho? Na anapokufa mbali, ni nani aendaye kwa mjane wake? Kumheshimu mtu kwaanza na ujira wake, tena hakuishi mpaka nyumba yake imeangaliwa.

Maswali ya kuzungumza:
1. Ni nani katika mtaa wetu anayetudai ujira?
2. Ni nyumba gani ambazo baba yuko mbali, nasi hatujazizuru?
3. Kwa nini kosa la mtu haliondoi haki yake ya kuhukumiwa kwa uadilifu?

Mungu awabariki katika kazi yenu.