Mwani au Bakteria? Jina, Ngeli na Dawa katika Tangi la Matumbawe

Mtafsiri wa Kolwezi akipewa mwongozo wa kutunza tangi la matumbawe, atakutana mapema na neno la Kifaransa algue, naye atakimbilia mwani. Kamusi inamruhusu. Lakini neno hilo moja, likitumiwa kwa kila kinachoota humo, linaweza kuua tangi zima.

Mwani ni neno la pwani, nasi tuko mbali na bahari. Wengi wetu tumelijulia vitabuni. Huko Zanzibar ni zao. Kilimo chake cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake, wanaofunga vipande kwenye kamba na kuanika mavuno juani. Msomaji wa Paje akiambiwa "ondoa mwani wote" atashangaa. Kwa hiyo napendekeza mwani kero kwa ule usiotakiwa, na mwani-nywele kwa ule wa kijani wenye nyuzi ndefu unaoshika mawe.

Tatizo kubwa liko kwenye utando mwekundu, wenye utelezi, unaofunika mchanga kama shuka na kutoa viputo taa zikiwaka. Watunzaji wengi huuita mwani mwekundu. Si mwani. Ni sayanobakteria: seli zao hazina kiini, ingawa wanafanya usanisinuru kama mimea. Wanasayansi wenyewe waliwahesabu kuwa mwani kwa muda mrefu, na katika miaka ya 1970 Roger Stanier alikuwa miongoni mwa waliosisitiza wawekwe kwenye kundi la bakteria. Kwa mwanafunzi wa sarufi uhamisho huo una alama yake: mwani unaota, bakteria wanaota. Ametoka ngeli ya U-I akaingia A-WA.

Tofauti hiyo inafika hadi kwenye dawa. Mwani-nywele hustawi kwa nitrati na fosfati, ambazo hutokana na chakula cha samaki kilichozidi na mara nyingi na maji ya bomba. Ung'oe kwa mkono, punguza chakula, badili sehemu ya maji, weka konokono wanaoula. Baadhi ya sayanobakteria, kinyume chake, huweza kutumia naitrojeni ya hewa iliyoyeyuka majini. Ukimaliza nitrati huku fosfati imebaki, mwani unadhoofika, wao wanashamiri. Wanapenda penye maji yaliyotulia. Basi elekeza pampu pale, nyonya utando kwa mpira, na ikibidi zima taa siku 3. Erithromisini huwaua pia, lakini inaweza kuwadhuru bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambao bila wao samaki hufa kwa sumu ya taka zao wenyewe. "Ua bakteria" ni sentensi sahihi kisarufi na mbaya sana katika mwongozo.

Sasa shaba, ambayo hapa kwetu haihitaji kuelezwa. Kiswahili kina neno zuri, mrututu, kwa ile chumvi yake ya buluu. Mrututu umetumika kuua mwani kwenye mabwawa, na wafugaji wa samaki wa bahari hutibu vimelea kwa shaba ya takriban miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, katika tangi la pembeni lisilo na matumbawe. Kiasi hicho samaki wengi hukivumilia. Matumbawe, kamba na konokono hawakivumilii. Tena shaba hushikamana na mawe ya chokaa na mchanga, ikaweza kurudi majini baadaye, hata maji yakishabadilishwa.

Anayesoma "mwani mwekundu" hutafuta dawa ya kuua mwani, na baadhi ya dawa hizo zina shaba. Ndiyo maana kwenye tafsiri yangu nimeandika utando wa sayanobakteria, ingawa ni mrefu, na kila palipotajwa dawa ya mwani nimeongeza maneno manne: isiwe na shaba ndani.