SOMO LA MWEZI: UFUNDI WA PIKIPIKI ZA UMEME NI WA NANI?

Maandiko ya kusoma nyumbani: Matendo 18:1-3



Katika maandiko haya tunakutana na Akila na mke wake Prisila. Walikuwa wamefika Korintho kwa sababu Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi katika mji wa Rumi. Kwa maneno mengine, walikuwa watu waliohamishwa kama sisi. Lakini ufundi wao wa kushona mahema walifika nao, kwa sababu ulikuwa mikononi. Paulo alipofika, naye mgeni, walimpa nafasi ya kufanya kazi pamoja nao.

Tujifunze mambo matatu hapo. Ufundi unaweza kuvuka mpaka pamoja na mwenyewe. Mke ametajwa pamoja na mume katika kazi. Na aliyetangulia alimpokea aliyekuja nyuma. Tuyashike haya matatu tunapotazama kazi moja mpya inayokuja karibu na sisi.

1. Kazi inayokuja

Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari dogo la umeme, Kiira EV, lililotengenezwa na Waganda. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola lenye sola juu ya paa. Kampuni iliyozaliwa na kazi hiyo, Kiira Motors, ina kiwanda chake Jinja. Kigali na Kampala kuna boda boda za umeme: betri ikiisha, dereva anaingia kituoni, anaacha ile tupu, anachukua iliyojaa, anaendelea na safari.

Sisi tuliotoka Kongo tuna sababu ya pekee ya kufuatilia jambo hili. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu, hasa upande wa Kolwezi, na inaingia katika betri nyingi za magari. Mwaka 2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kushirikiana ili betri zitengenezwe huku huku Afrika. Siku tutakaporudi nyumbani, kijana mwenye ufundi huu hatarudi mikono mitupu.

Lakini tuseme kweli. Pikipiki nyingi zinazotupeleka kutoka Base Camp hadi Mbarara bado zinatumia petroli. Hatuahidi mtu kazi ya kesho. Tunasema kwamba kazi hii bado ni changa, wazee wake ni wachache, na anayeanza sasa hatakuwa nyuma sana.

2. Tunachojua tayari

Pikipiki ya umeme haina kabureta, haina plagi, haibadilishwi oili ya injini. Ina betri, mota, kontrola inayogawa umeme, na nyaya. Lakini bado ina tairi, breki, beringi na fremu. Kwa hiyo fundi wa boda boda ana nusu ya kazi tayari. Na nusu ya pili iko karibu na wale wanaotengeneza simu na sola hapa kambini: wanajua kulehemu, wanajua kupima umeme kwa mita, wanajua kutafuta waya uliokatika. Mafundi hawa wawili wakikaa meza moja, kila mmoja anamfundisha mwenzake.

Onyo moja. Betri ya sola ya nyumbani mara nyingi ni ya volti 12, lakini ya pikipiki inaweza kufika volti 72. Mtu asiyefundishwa asiifungue. Betri iliyovimba au iliyopigwa isichajiwe, na isiwekwe chumba wanacholala watoto. Ikishika moto, kuizima ni kazi ngumu, na nyumba zetu nyingi zimefunikwa kwa plastiki.

3. Asiachwe mtu nje

Tukisikia neno fundi, tunawaza kijana wa kiume. Prisila anatukosoa. Kupima betri na kutengeneza kontrola hakuhitaji misuli. Binti anaweza. Ndugu yetu ambaye vita vilimharibu mguu anaweza, akiwa amekaa kwenye benchi. Asiyesikia anaweza, kwa maana mita inasomwa kwa macho.

Kinachowazuia mara nyingi ni mambo madogo. Mama hana wa kumwachia mtoto saa za mafunzo. Mwenye fimbo hawezi kufika Base Camp kutoka Juru au Rubondo bila nauli. Haya yako ndani ya uwezo wa kanisa: kina mama wapokezane kulea watoto, na wenye pikipiki wambebe mwenzao.

Tena jambo hili lisiwe la Wakongomani peke yao. Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wenyeji wetu wa Isingiro wakaribishwe. Fundi wa Mbarara atamchukua kwa urahisi kijana anayemsalimia kwa Runyankole na anayeweza kusoma Kiingereza kilichoandikwa kwenye betri.

4. Karatasi na tahadhari

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutafuta kazi. Lakini mwajiri anataka kuona kitambulisho na cheti. Serikali hupima hata fundi aliyejifunzia kazini, kwa mtihani wa vitendo. Mtihani huo ndio wa kutafutwa.

Tunasema haya kwa uchungu. Kijana mmoja wa kwetu aliuza mbuzi wa mama yake, akamlipa mtu aliyemwahidi cheti cha ufundi wa umeme kwa wiki mbili. Alipoipeleka karatasi ile gereji ya mjini, wakamwuliza ni ofisi gani inayoitambua. Hakuwa na jibu. Mbuzi hakurudi, na mama hakumlaumu, lakini yeye mwenyewe alikaa muda mrefu bila kuja ibadani kwa aibu. Tumpokee. Na kabla ya kulipa ada, sisi wengine tuulize: Nani atapima? Cheti ni cha nani? Aliyemaliza kabla yangu anafanya kazi wapi?

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Akila na Prisila walimpa Paulo nafasi ya kazi. Katika kikundi chetu nani ana ufundi, na amemfundisha nani mwaka huu?
2. Ni binti gani au ndugu gani mlemavu ambaye hatujawahi kumwuliza kama anataka kujifunza?
3. Tunaweza kumsaidiaje aliyepoteza ada yake ili aanze tena?

Kazi ya mwezi: kila kikundi kiandike majina ya mafundi wake wa simu, sola na pikipiki, wanaume kwa wanawake, na kuyaleta kwa katibu wa kanisa ili wakutane. Bwana aibariki kazi ya mikono yenu.